Vichaka vya asili vya misitu ya kusini-mashariki mwa Australia: kutoka dalili hadi chanzo

Chini ya mikaratusi mirefu ya milima ya Dandenong na ya Gippsland katika jimbo la Victoria, na ya miinuko ya mawe ya mchanga inayoizunguka Sydney, kuna tabaka la vichaka linalobeba sehemu kubwa ya maua ya msitu: Banksia, Grevillea, Hakea, Correa, Boronia, Prostanthera, Pultenaea, akasia za aina nyingi, Epacris impressa ambayo aina yake ya waridi ni ua la jimbo la Victoria, na warata, Telopea speciosissima, ua jekundu la jimbo la New South Wales. Vichaka hivi huuzwa vitaluni, hupandwa uani, na vikundi vya wakazi huvirudisha kandokando ya vijito na kwenye mabaki ya misitu. Vingi vinavyokufa mikononi mwa watu huuawa na matunzo ya bidii yaliyokusudiwa mimea mingine: mbolea inayostawisha mahindi na nyanya, maji ya kila jioni, na chokaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kile kinachoonekana kwa macho, kisha unashuka kukitafuta chanzo, ambacho mara nyingi kiko ardhini.

Kabla ya kushika dawa yoyote, zunguka kichaka polepole na ujiulize mambo manne. Je, kilichoharibika ni kichaka kizima au tawi moja? Majani yaliyoanza kubadilika ni machanga ya nchani au ni ya zamani karibu na shina? Je, mimea ya jirani iliyo ya familia moja nayo imeugua, au ni huu peke yake? Na je, mabadiliko yamekuja ndani ya siku chache au ndani ya miezi? Majibu ya maswali haya hupunguza orodha ya visababishi kuliko kitabu chochote cha picha, na mtu anayeyaruka hujikuta akipuliza dawa ya wadudu juu ya kichaka chenye mizizi iliyooza.

Kingo na ncha za majani zinaungua

Dalili hii huonekana zaidi kwenye familia ya Proteaceae, yaani Banksia, Grevillea, Hakea na warata, na huanza kwenye majani yaliyokomaa: ncha hugeuka kahawia, ukingo hukauka kana kwamba umepitishwa juu ya moto, kisha jani zima hudondoka huku machipukizi mapya yakitoka madogo na yaliyopauka. Iwapo hali hiyo imefuata mbolea kwa wiki chache, shaka ya kwanza iwe fosforasi.

Udongo wa sehemu kubwa ya Australia ni mkongwe mno na umechujwa fosforasi yake kwa muda mrefu sana. Mimea ya familia hii ilijijengea njia ya kuishi humo: huota vishada vya vijizizi vifupi vilivyosongamana chini kidogo ya uso wa udongo, ambavyo hutoa asidi za aina ya sitreti na malati ili kuing'oa fosforasi iliyonaswa na chembe za udongo. Ukifukua taratibu matandazo chini ya Banksia yenye afya, utaviona kama mkeka mweupe-kahawia ulioshikana na majani yanayooza. Mmea wenye uwezo huo wa kuvuna, ambao haukuwahi kuhitaji njia imara ya kujizuia usimeze kupita kiasi, ukiwekewa samadi ya kuku, unga wa mifupa au mbolea ya kawaida ya bustani, hujisumisha wenyewe. Jambo hilohilo linapaswa kukumbukwa na wakulima wa makadamia nchini Kenya, kwa kuwa makadamia ni wa familia hiyo na una vishada vya mizizi vya namna hiyohiyo.

Fosforasi iliyokwisha kuingia kwenye majani haiondoleki. Kinachowezekana ni kuzuia nyingine isiingie: ondoa chembe za mbolea zilizobaki juu pamoja na tabaka jembamba la udongo bila kuivuruga mizizi, mwagilia kwa wingi mara moja ikiwa udongo ni wa kichanga na maji yanapita vizuri, na uweke chuma ya maji, kwa sababu chuma huishika fosforasi na pia hurudisha kile ambacho mmea umekosa. Siku zijazo tumia mbolea iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya asili ya Australia, ambayo fosforasi yake iko chini ya 3%, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyofaa zaidi. Kwa maoni yangu, kichaka kilichopandwa kwenye udongo unaokifaa hakihitaji mbolea kabisa. Majani yake yenyewe yanayoanguka yanatosha. Tahadhari hiyo inahusu pia Boronia, Pultenaea na baadhi ya akasia, ilhali Correa na Westringia huvumilia zaidi.

Usichanganye dalili hii na kuungua kwa baridi kali. Asubuhi baada ya usiku wa jalidi, zinazoharibika ni ncha laini zilizochipua karibuni, na huwa nyeusi na legevu badala ya kahawia na kavu. Usizikate hadi majira ya machipuko (huko ni Septemba hadi Novemba), maana ncha zilizokufa huyakinga machipukizi yaliyo chini yake dhidi ya usiku unaofuata.

Majani yanageuka manjano

Ikiwa majani machanga ni manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea umekosa chuma, ama kwa sababu ya fosforasi iliyozidi kama ilivyoelezwa, ama kwa sababu udongo hauna tindikali ya kutosha. Chunguza kama kichaka kiko karibu na ukuta mpya, njia ya zege au mahali palipomwagwa mabaki ya saruji, kwa kuwa chokaa inayoyeyuka humo huinua kipimo cha pH, yaani hupunguza tindikali, mwaka hadi mwaka. Vichaka vya misitu hii vimezoea udongo wenye tindikali kiasi, na kipimo rahisi cha pH kutoka duka la bustani kitatoa jibu ndani ya dakika chache. Chuma iliyofungwa katika muundo wa keleti, yaani kemikali inayoishika isinaswe na udongo, huleta kijani upesi, lakini ikiwa ukuta ndio chanzo, basi heri kukihamisha kichaka na kupanda hapo mmea mwingine unaovumilia chokaa.

Yakiwa manjano majani ya zamani peke yake, ndani ya kichaka, katika miezi ya mwisho wa machipuko na mwanzo wa kiangazi (majira ya joto ya huko, Desemba hadi Februari), mara nyingi hakuna ugonjwa. Banksia na Grevillea huyaacha majani yao ya zamani wakati huo, nao wenye vichaka hivyo hushtuka kila mwaka bila sababu.

Kichaka kizima kinakufa

Hapa pana hatari kubwa kuliko zote, na pana haja ya kutofautisha mambo matatu yanayofanana kwa mbali.

La kwanza ni ukame wa mizizi iliyofungwa. Kichaka kilichotoka kitaluni kinaweza kunyauka katika kiangazi chake cha kwanza ijapokuwa udongo unaokizunguka una unyevu, kwa sababu bonge la udongo wa kitaluni, lililotengenezwa kwa magome yaliyosagwa, likishakauka hukataa maji na kuyaacha yapite pembeni. Kishike kichaka shingoni na ukitikise. Kikicheza ardhini, kifukue. Ukikuta mizizi imejizungusha kwa umbo la chungu kilichokuwamo, umepata chanzo. Kabla ya kupanda, zamisha chungu chote ndani ya ndoo ya maji hadi mapovu yakome kutoka, kisha ichane mizizi iliyojizungusha kwa vidole au uikate kwa kisu mahali pachache. Panda majira ya kupukutika, Aprili na Mei, ili mizizi itangulie kushuka wakati wa mvua za kipupwe kabla ya joto kufika.

La pili ni maji yaliyotuama. Kwenye udongo wa mfinyanzi, shimo lililochimbwa na kujazwa udongo laini hugeuka kuwa beseni. Majani hupauka, kisha yananyauka huku udongo ukiwa umelowa, na ukichimba utakutana na harufu ya uvundo. Tiba yake ni kupanda juu ya tuta badala ya kuchimba shimo.

La tatu ni Phytophthora cinnamomi. Huyu ni kiumbe kidogo anayefanana na kuvu ingawa kinasaba yuko karibu zaidi na mwani wa baharini. Alitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra, na ndiye huyohuyo anayeozesha mizizi ya miparachichi katika Kenya na Tanzania. Mbegu zake huogelea katika maji yaliyomo kati ya chembe za udongo wenye joto na unyevu, huingia kwenye mizizi myembamba, kisha huozesha mizizi na sehemu ya chini ya shina hata mmea ukafa kwa kiu palipo na maji. Kusini-magharibi mwa Australia, takriban 40% ya spishi za mimea ya asili zinaweza kushambuliwa naye. Huko Victoria, katika hifadhi ya Brisbane Ranges, Gretna Weste wa Chuo Kikuu cha Melbourne alifuatilia kuanzia miaka ya 1970 jinsi tabaka la vichaka lilivyofutika na mahali pake kushikwa na mimea jamii ya nyasi na ndago isiyodhurika.

Dalili zake ni hizi: kichaka kilichokuwa na afya kinageuka manjano kisha kahawia ndani ya wiki chache, mara nyingi baada ya mvua ya kiangazi au joto la kwanza linalofuata kipupwe chenye mvua, na majani makavu hubaki yameng'ang'ania matawini. Kwangua gome kwa kisu kisafi pale shina linapoingia ardhini. Tishu hai ni nyeupe au krimu yenye unyevu. Tishu iliyoshambuliwa ni kahawia ya mdalasini, na mara nyingi mpaka kati ya rangi hizo mbili huonekana wazi kama mstari. Kisha tazama majirani. Kama Xanthorrhoea, mimea yenye majani marefu membamba kama nyasi juu ya kigogo cheusi, nayo inaanguka, na Epacris na Banksia marginata zinakufa kwa mstari unaofuata mteremko au njia ya miguu, shaka inakaribia kuwa uhakika. Uthibitisho kamili hutolewa na maabara, ambayo huchukua sampuli ya udongo na mizizi na kutumia miche ya lupini, mmea jamii ya kunde, kama chambo cha kumnasa kiumbe huyo.

Hakuna dawa inayomwondoa kwenye udongo wa msitu. Fosfiti ya potasiamu, inayopulizwa kwenye majani au kudungwa shinani, huimarisha kinga ya mmea kwa muda na kupunguza kasi ya kuenea. Itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, kwani ikizidi huunguza majani. Fosfiti si fosfeti, wala mmea hauwezi kuitumia kama chakula, kwa hiyo mtu asiogope kuwawekea Proteaceae kwa sababu ya yale yaliyosemwa juu kuhusu fosforasi.

Kinachofanya kazi kwa uhakika zaidi ni usafi, nami ningependa kila anayeingia msituni auchukulie kwa uzito uleule anaochukulia moto. Tope lililokwama kwenye nyayo za buti, kwenye matairi ya baiskeli au kwenye jembe lina uwezo wa kubeba mbegu za kiumbe huyu hadi bonde jingine, na mbegu zake ngumu huishi udongoni kwa miaka. Kwanza ondoa tope lote kwa brashi mpaka ngozi ya kiatu ionekane, ndipo upulize spiriti ya 70%, kwa maana spiriti haipenyi kwenye bonge la udongo. Tumia vituo vya kusafishia viatu vilivyowekwa mwanzoni mwa njia, na usikate kona kupita kwenye maeneo yaliyofungwa.

Mahali palipokwisha kuambukizwa uani, usirudishie spishi ileile. Panda zinazostahimili, kama Banksia integrifolia, au nunua vichaka vilivyobebeshwa juu ya shina la mmea mwingine. Grevillea nyingi zenye udhaifu wa mizizi hubebeshwa juu ya Grevillea robusta, ambao ni mgrevilea uleule unaotoa kivuli katika mashamba ya kahawa na chai ya Afrika Mashariki, na Prostanthera hubebeshwa juu ya Westringia fruticosa.

Unga wa manjano kwenye majani machanga

Unga wa manjano unaong'aa kama kiini cha yai, ulio kwenye majani machanga, vikonyo na matumba ya mimea ya familia ya Myrtaceae, ni kutu ya mirtasia, kuvu iitwayo Austropuccinia psidii. Ilielezwa mara ya kwanza kwenye mipera ya Brazili mwaka 1884, ikaonekana Australia kwa mara ya kwanza Aprili 2010 kwenye pwani ya kati ya New South Wales. Vinavyoshambuliwa ni pamoja na Leptospermum, Callistemon na Melaleuca, na vipo vichaka viwili vya kingo za misitu ya mvua, Rhodamnia rubescens na Rhodomyrtus psidioides, ambavyo vimesukumwa hadi ukingoni mwa kutoweka. Msomaji wa Unguja na Pemba atambue kwamba mkarafuu, mpera na mzambarau ni wa familia hiyohiyo, ndiyo maana kubeba vipandikizi au maua yake kutoka nchi moja hadi nyingine mizigoni ni jambo la hatari kweli.

Mmea wa familia nyingine ukiwa na unga wa manjano, basi ni kutu nyingine. Ukiipata hii, usikitikise kichaka wala usiguse unga huo, kwani chembe zake hupeperushwa na kushika nguoni. Piga picha, na toa taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea ya jimbo ikiwa eneo lenu bado halijarekodiwa kuwa nayo. Nyumbani, funika tawi kwa mfuko wa plastiki kabla ya kulikata, lifunge humo, uuache mfuko juani kwa wiki kadhaa kisha uutupe, na ufue nguo ulizovaa. Punguza pia kupogoa na kumwagilia juu ya majani, kwa maana kuvu hii hupenya tishu laini zilizolowa tu.

Masizi, utando na uvimbe

Tabaka jeusi kama masizi juu ya majani si ugonjwa wa majani yenyewe. Ni kuvu inayoishi juu ya maji matamu yanayodondoshwa na wadudu gamba au vidukari, na sisimizi wanaopanda na kushuka shinani ndio mashahidi. Waondoe wadudu kwa sabuni ya bustani au mafuta meupe ya kupulizia mimea siku isiyo na jua kali, nayo masizi yatanyauka yenyewe.

Utando wa hariri uliojaa vinyesi vidogo kwenye Leptospermum na Kunzea ni makazi ya viwavi. Vaa glavu, uubomoe kwa mkono.

Uvimbe mgumu wa kahawia kwenye matawi ya akasia husababishwa na kuvu za kutu za jenasi Uromycladium, ilhali uvimbe laini wa kijani mahali pa maua mara nyingi ni kazi ya nyigu wadogo wanaotaga ndani ya matumba. Kata matawi hayo. Mti ukiwa na uvimbe kila mahali, huwa umeshazeeka, na hapo ni vema kukumbuka kwamba akasia nyingi za msitu huu huishi miaka 7 hadi 15 tu. Ukikuta shina limechanwa na vipande virefu vya mbao vimetapakaa chini, mharibifu ni kasuku mweusi mwenye mkia wa manjano, aliyekuwa akiwatafuta mabuu waliotoboa ndani. Mabuu ndio waliotangulia, na udhaifu wa mti ndio uliowaalika. Kasuku aachwe apate chakula chake.

Kichaka hakitoi maua, au hakichipui baada ya kupogolewa

Kivuli kizito, naitrojeni nyingi na mkasi ulioshikwa mwezi usiofaa ndizo sababu za kawaida za kukosa maua. Warata hutengeneza matumba yake miezi mingi kabla ya kuyafungua katika machipuko, kwa hiyo anayeipogoa wakati wa kipupwe huyakata maua ya mwaka ule. Ipogolewe mara tu maua yanapofifia, na hapo inavumilia kukatwa sana kwa sababu ina kifundo kinene ardhini chenye macho ya kuchipua.

Si kila kichaka kina kifundo hicho. Banksia spinulosa kwa kawaida huchipua tena kutoka chini hata baada ya moto, lakini Banksia ericifolia hufa na kuitegemea mbegu. Kwa Boronia na Prostanthera, usikate kamwe chini ya majani ya kijani. Tawi tupu la zamani halitachipua, na kupogoa kidogo kila mwaka baada ya maua ndiyo njia pekee ya kuvifanya viwe vinene.

Mbegu hazioti

Mbegu za akasia na Pultenaea zina ganda lisilopitisha maji, linalopasuliwa msituni na joto la moto. Zimwagie maji yaliyotoka kuchemka, ziache zilowe usiku kucha, na uoteshe zile tu zilizovimba. Ndivyo inavyofanywa pia kwa mwati, Acacia mearnsii, uliotoka kwenye misitu hiihii na kupandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake. Matunda ya Hakea hufunguka yenyewe yakikatwa na kuachwa mahali pakavu, lakini yale ya baadhi ya Banksia huhitaji joto la jiko. Spishi nyingine nyingi husubiri moshi wenyewe: mwaka 2004 wanasayansi wa Perth walitangaza kuwa wametambua ndani ya moshi kemikali inayoamsha mbegu, na leo maji ya moshi huuzwa kwenye chupa. Mbegu zikusanywe kwa kibali, kwa kuwa ndani ya hifadhi za taifa kuchuma ni kosa.

Vichaka vinapungua msituni bila ugonjwa kuonekana

Angalia juu kwanza. Pittosporum undulatum, mti wa asili wa mashariki zaidi, umeenea hadi kwenye misitu iliyo karibu na Melbourne na kuweka kivuli kizito ambacho Correa na Pultenaea haziwezi kukivumilia. Miche hung'olewa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Mikubwa hukatwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kwani mwanga ukiingia ghafla, magugu ndiyo hutangulia kujaa.

Kisha tazama vikonyo. Kangaruu mdogo wa msituni aitwaye wolabi hula ncha zilizo chini, na vichaka vyenye afya hustahimili. Kulungu aina ya sambar, walioletwa kutoka Asia katika karne ya 19, hufika juu zaidi, huvunja matawi, na hukwangua magome kwa pembe zao hadi shina lizungukwe na kufa. Kwato zilizopasuka mbili kwenye tope humaliza ubishi, kwa sababu hakuna mnyama wa asili wa Australia mwenye kwato. Vizingio vya plastiki vinavyomzuia wolabi havimzuii kulungu. Panahitajika uzio wa waya wenye urefu wa takriban mita 2, na kwa kuwa hauwezekani kwa msitu mzima, zungushia sehemu ndogo zenye spishi adimu na uziache zitoe mbegu kwa ajili ya maeneo yaliyo nje ya uzio.